Mipira Myekundu Chini ya Jeep

Banaume ba famille yetu banachagua kitu kwa macho tu. Kinang'aa, banalipa. Ile tabia njo ilitaka kuninyanganya jeep bwana yangu aliniachia wakati alikufa, na jeep ile njo inanilisha: inapanda Lubero, inarudi Butembo na viazi.

Ilianza kugonga chini kama mutu anapiga mulango. Fundi akasema silambloke zimekwisha, ile mipira yenye bomba ya chuma ndani, inaingia kwenye macho ya balame, vile vyuma virefu vya kupindika vinabeba jeep. Mukwe wangu, mwenye kuiendesha, akaenda kuzinunua dépôt peke yake, akarudi na za plastiki nyekundu, ngumu. Alizigonga juu ya meza yangu, akasema hizi hazikufake. Nikamuuliza kama jiwe nalo linakufaka. Alicheka.

Kweli hazikufa. Kilichokufa ni shasi. Safari ya tatu ilipasuka pale lame inafungwa. Mimi sikushangaa. Tangu kabinti ninabeba muzigo mugongoni na kamba ya kichwa. Kamba ya kukauka haikatike, lakini shingo yako njo inakatika. Lazima kitu kimoja kikubali kulegea kidogo.

Shemeki yangu, mudogo wa marehemu, akafika na mununuzi wa vyuma vizee. Akasema kwa upole, ule upole wa mutu amekwisha kula tayari, kwamba mujane hana kazi na jeep ya zamani. Nikaomba juma moja. Akanipana, sawa vile juma ni lake.

Tukasude shasi na moto, ikashikana. Dépôt nikaingia mimi mwenyewe, nikabonyeza kila mupira mweusi na ukucha. Wa kwanza ulikaukia ndani ya vitrine, kabati yake ya vioo, ulipasuka-pasuka kama ganda ya muhogo. Muuzaji akachoka kuniangalia.

"Koko, mama muzee, unachagua silambloke ama viazi?"

"Kiazi kibovu kiko na haya, kinanuka. Weye unauzisha kibovu ndani ya paketi mupya."

Batu bakacheka, naye akaenda kutoa carton ingine nyuma. Ile mipira ilibonyea, ikarudi. Nikachukua.

Kwenye garage, fundi alikuwa amepandisha jeep na kiriki, magurudumu inaning'inia, anakaza nati za silambloke. Nikamuambia aishushe kwanza, tupakie mifuko, kisha akaze. Akanijibu kwamba yeye ana diplôme. Nikamuambia mwanamuke hakazi kamba ya kichwa muzigo ukiwa ungali chini. Anaikaza wakati muzigo umekwisha kumulalia. Akashusha jeep ili anionyeshe ujinga yangu. Mupira alioukaza ukajipinda mbele yetu kama nguo inakamuliwa. Alilegeza nati, tukapakia mifuko, njo akakaza. Diplôme nayo ilingoja muzigo.

Siku ya juma kuisha, nikamupandisha shemeki mbele, viazi nyuma, mupaka Beni. Njia yote aliinamisha sikio, anangoja kugonga. Shimo ikapita, ingine ikapita. Kitu hapana. Mukwe wangu alikuwa anazitafuta zile kubwa makusudi, na sikumukataza.

Beni, shemeki akashuka, akapangusa suruali, akapiga gurudumu teke.

"Basi, tutaiacha kwanza," akasema.

Kwanza! Alikuya kuiuzisha, sasa ananipana ruhusa ya kitu yangu. Nikamuonyesha pale bamotari banasimama na pikipiki za kubeba batu, arudi nazo kwake, nikaenda kushusha viazi.