Nilinunua Hedifoni za Kudumu, Uchumba Haukudumu

Kosa ni langu, tena la kijinga kiasi kwamba hata mama yangu mzazi nimemficha: nimekosa mke kwa sababu sikutoa nailoni kwenye hedifoni. Cheka kwanza. Ukimaliza nitaendelea.

Mie ni mtu wa ndani. Nikitoka kazini, moja kwa moja chumbani kwangu Mtoni. Wenzangu wanakwenda dansini, mie dansi nalisikiliza kwenye wokmani yenye spika yake, nimenyoosha miguu. Binamu yangu aliporudi kutoka Dubai akaniletea kigemu cha mkononi, kile cha matofali yanayodondoka, ndipo nikamalizika kabisa! Wapangaji wenzangu wakanibatiza Bibi Harusi, maana nje sionekani.

Shida ilikuwa kelele. Mama Zuhura, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alivumilia weee, mwisho akapasuka: "Wewe mtoto, hiyo pii-pii yako itanitoa roho! Katafute kitu uchomeke masikioni, ufe nayo peke yako."

Nikaenda Kariakoo. Loh! Sie tumekulia foleni. Ulipewa kilichopo ukashukuru. Sasa maduka yamefurika, unaambiwa chagua, na kuchagua nani alitufundisha?

Muuzaji akanipa hedifoni ndogo zenye sponji. "Hizi nyepesi, kaka. Unasahau kama umevaa."

"Sponji si itachanika?"

"Itachanika, utabadilisha."

Kubadilisha! Mie nataka kitu nije nimrithishe mwanangu. Nikaonyesha zile kubwa juu ya rafu, nyeusi, chuma kitupu, masikioni zimevalishwa nailoni inayong'aa.

"Hizo nzito," akasema. "Zivae kwanza, ukae nazo kidogo."

Sikuvaa. Nilizipinda nione kama zitavunjika. Hazikuvunjika, nikalipa. Ndivyo nilivyochagua kitu cha kuvaa kichwani: kama mtu anayenunua jembe.

Nailoni sikutoa. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Makochi ya nyumbani tumeyakalia na nailoni yake mpaka mapaja yananata, na mgeni akiinuka inalia praaa! Ndiyo heshima ya kitu.

Basi, zilinibana kichwa kama koleo. Jasho likajikusanya chini ya nailoni, nikiinama linanichuruzika shingoni. Na mwimbaji akawa kama anaimba ndani ya pipa. Mwenye akili angetoa nailoni. Mie nikapandisha sauti hadi mwisho!

Wakati huohuo wazee wangu walikuwa wamenipelekea posa Tandika, kwa binti mmoja fundi cherehani. Sitamtaja. Nitasema tu kwamba ndiye mtu pekee aliyewahi kunifanya nitoke nje bila kutumwa. Akicheka, anaweka mkasi chini kwanza. Nilimpenda, jamani, msinione ninafanya mzaha.

Unajua desturi. Kabla ya kujibu posa, upande wa binti humtuma mtu aje kukuchunguza, bila taarifa, akukute ulivyo.

Na kweli alinikuta nilivyo.

Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri. Nimekaa barazani kwenye mkeka, chuma kichwani, kigemu mkononi. Aliyekuja ni mjomba wake binti. Mama Zuhura alikuwa pembeni akipepeta mchele, na ndiye aliyenisimulia baadaye. Mzee alipiga hodi. Kimya. Akatoa salamu. Kimya. Akasogea mpaka ukingoni mwa mkeka.

Hapo nikaona makubadhi. Lakini matofali yalikuwa yamekaribia juu, ukitupa jicho pembeni tu umekwisha! Nikanyoosha kidole kimoja: subiri. Uso sikuinua. Nilidhani ni muuza mkaa. Muuza mkaa gani anavaa makubadhi?

Na mzee akasubiri! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alisimama juani kwa adabu yake, akinisubiri mie, ambaye nilipaswa kuwa nimeshapiga shikamoo na kukimbilia kiti. Alipochoka akamgeukia Mama Zuhura.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Yuko hivi siku zote?"

"Leo afadhali."

Nilipoinua uso, nikifurahia ushindi, nikaona mgongo wa kanzu ukikata kona.

Jibu lililetwa na shangazi yangu. "Mjomba mtu anauliza: anayemnyooshea mkwewe kidole, mke atamnyooshea nini?"

"Shangazi, kawaeleze, zilikuwa hedifoni!"

"Nikaeleze nini? Kwamba ulikuwa umejifunga nailoni?"

Sasa nasikia binti ameposwa na mtu wa Tandale. Hana hata redio. Hodi moja tu, anaitika!

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua hedifoni, nisikilize mie niliyeshindwa kusikiliza. Chukua nyepesi. Zivae palepale dukani mpaka muuzaji achoke kukutazama. Sponji ikichanika, ichanike, kwani nini! Nailoni iache hukohuko. Na ukikaa barazani sikio moja liwe wazi, hujui ni nani anakuja kukuona.

Za kwangu bado nzima kabisa. Juzi hatimaye nikazivua nailoni. Muziki mtamu ajabu! Nikatoka nazo uani, ambako Mama Zuhura alikuwa akikatakata mchicha, nikamlilia: "Mama Zuhura, watu wale wamenionea. Mie sikusikia tu. Kwani kiziwi naye haoi?"

Hakuinua hata kichwa.

"Kiziwi wa Mungu wangempa mke, tena na mahari wangempunguzia. Wewe uziwi umekwenda kuununua Kariakoo. Kalale nao."