Diski Iliyobisha Hodi

Nthenya ana kibanda mtaani Lindi, kando ya Ojwang anayeuza maji. Kazi yake ni kuchapa programu za mazishi: picha ya marehemu mbele, maisha yake ndani, nyimbo nyuma. Huu ni mwaka wa tisa. Mtu akifa Lindi au mtaa jirani wa Mashimoni, karibu lazima apitie kwa laptop ya Nthenya kabla ya kwenda kuzikwa.

Mimi siku hizi nakaa mtaa mwingine, Gatina, lakini miguu yangu haijui kutulia, na mara nyingi hunileta hapa. Namwomba anifungulie picha ya mke wangu, Kalekye. Nyumba yetu ya Mashimoni iliungua mwaka uliofuata mazishi yake, na kila picha ikaungua humo. Uso wake umebaki kwa Nthenya peke yake. Kichwani mwangu umeanza kufutika.

Juni hii laptop ikaanza kugonga. Tok, tok, tok. Kimya. Tok, tok, tok.

"Nthenya, wateja wako wanabisha!" Ojwang akaita, mpira wa maji mkononi. "Si uwafungulie! Pengine uliwakosea spelling!"

Tukacheka. Ikagonga tena, na Ojwang akarudi kwa mitungi yake.

Fundi wa Gatina alisema diski ya ndani, inayohifadhi picha zote, inakufa, aiache laptop kwake wiki moja. Nthenya akakataa. "Hawa watu waliachwa kwangu, mzee. Siwezi kuwalaza kwa mgeni."

Akanunua diski mpya, akatazama video za kubadilisha diski kwa simu mpaka akazikariri. Maishani hakuwa amefungua hata redio.

Alizima laptop, akachomoa waya, akailaza kifudifudi juu ya leso. Skrubu akazipanga kwenye kifuniko cha mkebe jinsi zilivyotoka. Akagusa chuma cha dirisha ili mwili wake usiwe na umeme, akachomoa betri, halafu diski. Akaweka ile mpya. Ikachezacheza ndani kama jino bovu. Akaitoa, jasho likimtoka. Kumbe alisahau kuvua fremu ya chuma iliyoshika ile ya zamani! Akaihamisha, diski ikakaa. Akafunga, akaweka Windows kutoka kwa flash, tukangoja.

Kisha akaunganisha diski ya zamani kwa waya, ikiwa mezani, nje ya mwili wa laptop. Bado ikagonga.

"Mzee, omba," akasema, akaanza kuhamisha picha kwenda diski mpya.

Majina yakapita kwenye kioo, moja moja. Ambrose. Brandon. K ikaja, ikaisha.

"Umemruka Kalekye!"

"Sijamruka. Yuko kwa M. Si tulimjua kama Mama Mulei?"

Ndipo nikaelewa. Wanaume aliwaandika kwa majina ya kitambulisho. Wanawake aliwaandika jinsi mtaa ulivyowaita, kwa hivyo wote walikuwa wamepanga foleni moja ndefu pale kwa M, na diski inazidi kuchoka. Mama Ambrose. Mama Becky. Tok, tok. Mama Mulei. Tok.

Ikanyamaza.

Nthenya akachomoa, akachomeka, akaipasha joto kwa viganja. Haikuamka. Mama Ndululu, Mama Yvonne na wengine wote waliokuwa nyuma yao, wakabaki humo.

Akafungua picha ya Kalekye. Kitambaa cha kichwa kilikuwepo, na paji la uso, na macho. Kuanzia puani kwenda chini, kijivu kitupu.

"Pole sana, mzee. Niambie mdomo wake ulikuwaje, niandike hata kwa maneno."

Nikautafuta kichwani, nao ulikuwa umefutika.

"Andika Kalekye," nikasema. "Anza na hilo."

Akalibadilisha jina hapo hapo. Ile diski iliyokufa nilimwomba, naibeba kwenye mfuko wa koti. Haina umeme, haiwezi kugonga, hilo najua. Lakini nikirudi Gatina naisikia, na huwa najibu: Karibu, Kalekye. Nimechelewa. Miaka arobaini ya ndoa, hata mimi nilimwita Mama Mulei.