Ufunguo Uliobaki Shingoni

Nuriat binti Zahoro ndiye anayelaza watu usingizi katika hospitali moja ya Muleba. Hospitali yenyewe sitaitaja. Ni ya kubuni kama wote waliomo humu. Wagonjwa humwita daktari wa usingizi, naye ameshachoka kuwaeleza kwamba yeye ni muuguzi aliyesomea usingizi tu. Alizaliwa Bukoba mjini, katika nyumba aliyoijenga babu yake aliyetoka pwani, na Kihaya chake amekiokota kazini. Ndiyo maana maneno anayoyajua vizuri zaidi ni ya maumivu na ya migomba.

Ya migomba yana sababu. Mgonjwa akishapandishwa mezani, macho yamemtoka pima, Nuriat humwinamia na kumwambia, "Waitu, hebu nitajie migomba ya kibanjani kwako." Hapo hata mzee aliyekuwa akitetemeka huanza: entobe, enchoncho, enshakala. Mhaya hawezi kutaja migomba yake na kuogopa kwa wakati mmoja. Nuriat husikiliza sauti inavyofifia, na jina la mgomba likikatikia njiani anajua dawa imefika. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyemlaza akakosa kuamka. Alijivunia jambo hilo, na wala hakujivunia kimyakimya.

Lakini kila mtu ana lake, na lake Nuriat lilikuwa ufunguo. Miaka kadhaa nyuma kipimo kimoja cha thieta, chumba cha upasuaji, kiliyeyuka mchana kweupe, na yeye akaandikishwa maelezo kurasa nne utadhani ndiye mwizi. Tangu siku hiyo dawa zote za dharura na vifaa vyote vizuri vilihamia kwenye kabati la chuma, na ufunguo wa kabati ukahamia shingoni mwake, kwenye uzi mweusi, ndani ya gauni. Ukitaka kitu unamtafuta Nuriat. Akiwa anaswali, unasubiri. Wenzake walimtania kwamba siku akifa atazikwa nao, na mgonjwa wa siku hiyo atangoja kiyama. Naye alicheka pamoja nao, na uzi haukutoka shingoni.

Basi mwezi wa Novemba jina lake likatoka kwenye orodha ya mafunzo ya wataalamu wa usingizi. Siku tatu, hotelini Bukoba, ufukweni mwa ziwa, malazi na chakula juu ya waandaaji, na mwisho wake cheti chenye pointi za kuhuishia leseni. Miaka yote safari za namna hiyo zilikuwa za watu wa ofisini, wale ambao hata damu hawaipendi. Nuriat alifurahi mpaka akashona gauni jipya.

Jumapili mchana alimkabidhi kazi Datius, mwenzake pekee wa kitengo. Datius ni mtu mzima, baba wa watoto wanne, aliyeisomea kazi hiyo akiwa amechelewa kidogo na anayeongea pale tu inapobidi.

"Dada, na ufunguo?" aliuliza.

"Dawa za kutosha nimekutolea, zipo kwenye trei. Ni siku tatu tu, Datius."

Datius alitazama trei, kisha akatazama uzi shingoni mwake. Alikuwa ameelewa kwamba haaminiwi. Nuriat naye aliona kwamba ameelewa, na akaondoka hivyo hivyo kwenda kupanda basi.

Hoteli ilikuwa nzuri, tusiidharau. Majani yalikatwa mpaka kwenye mchanga, viti vilivalishwa vitambaa vyeupe, na asubuhi ungeweza kunywa chai huku unatazama ziwa. Mwezeshaji, Dokta Saburi, alikuwa na masharti mawili. Karatasi ya mahudhurio inasainiwa saa mbili unusu asubuhi na inasainiwa tena mchana. Ukichelewa, pointi za siku hiyo huna. Na simu zote zinawekwa kwenye beseni la plastiki nje ya mlango, hazichukuliwi mpaka chakula cha mchana.

"Ninyi mnalaza watu kila siku," alisema, "leo mlaze simu."

Watu wakacheka, na Nuriat akacheka kuliko wote.

Jumatatu jioni akakuta ujumbe wa Datius. "Dada, pole na mafunzo. Leo tumepata kesi nne, ile dawa ya kupandisha presha imeisha kwenye trei. Naomba ufunguo uuweke kwenye basi la asubuhi, nitaupokea stendi." Nuriat akajibu, "Sawa."

Na alimaanisha. Aliuvua ufunguo, akauweka juu ya meza kando ya kitanda ili asiusahau. Alfajiri aliamka, akaswali, akaketi kitandani mara moja tu. Vitanda vya hoteli ni vilaini, na yeye alikuwa na miaka kumi na moja ya zamu mgongoni. Aliposhtuka ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Akauvaa ufunguo mbio mbio, akaenda kusaini. Nitaupeleka wakati wa chai, alijiambia. Kutoka pale mpaka stendi ni dakika kumi za bodaboda.

Saa nne wakatoka kunywa chai, na mezani kulikuwa na senene, wale panzi wa kuliwa. Asiyekuwa wa Kagera hapa atanilaumu, lakini wenyeji watanielewa. Walikuwa senene wa kwanza wa msimu, wamekaangwa mpaka wanalia mdomoni, na foleni ilikuwa imeshafika nje ya banda. Nuriat aliitazama foleni, akaitazama saa, akaugusa ufunguo. Akajiambia atakwenda mchana, tena atatulia zaidi. Akapanga foleni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia siku hiyo halikuwa lake.

Muleba, saa hiyo hiyo, mwanamke mmoja wa Ijumbi aitwaye Agnetha alikuwa juu ya meza ya upasuaji. Mtoto alikuwa amelala kikingamo na njia ilikuwa moja tu. Datius alimchoma sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kiunoni kwenda chini na kumwacha mama macho. Kisha, kama alivyofundishwa na Nuriat, akamwomba ataje migomba ya kwao. Agnetha akataja entobe, akataja enchoncho, akafika kwenye enshakala akanyamaza. Macho yakapinduka. Presha ilikuwa imeporomoka.

Datius alifanya yote anayopaswa kufanya mtu asiye na dawa. Alimlaza ubavu, akamwinulia miguu, akafungua dripu yote, simu akaibana kati ya sikio na bega. "Nuriat, pokea. Nuriat, pokea." Mara tisa. Alitaka tu aambiwe kama kuna ufunguo wa pili. Haukuwapo, na simu ilikuwa ndani ya beseni. Mlinzi, mzee Protase, akaitwa aje na nondo, na kabati la chuma likaonyesha kwamba kweli ni la chuma. Lilichukua dakika kumi na tatu. Dawa ikaingia, presha ikapanda, mama akarudi. Mtoto wa kike alitolewa akiwa mlegevu, na walimhangaikia muda mrefu kabla hajalia.

Haya yote Nuriat aliyapata saa saba, amesimama mlangoni mwa ukumbi katikati ya watu wanaookota simu zao na kucheka.

"Mama yupo," Datius alisema. "Mtoto yupo kwenye oksijeni. Kabati tumelivunja."

"Datius, mimi..."

"Kwenye ripoti nimeandika kwamba ufunguo ulisahaulika mkobani."

"Lakini sikusahau, unajua sikusahau."

"Ulisahaulika, dada," alisema Datius, akakata simu.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Nuriat alikwenda mpaka kwenye mchanga, akasimama na gauni lake jipya. Husemwa majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yake yalikuwa pacha; yalizaliwa pamoja na kosa, tangu Jumapili alipouona uso wa Datius, na siku zote tatu alikuwa akiyanyamazisha.

Hapa ndipo mimi mwenyewe humkasirikia. Angeweza kupanda basi la saa nane. Hakupanda. Alijiambia kwamba mama yupo, mtoto yupo, akienda atafanya nini, na bado siku moja ya kusaini. Jumatano Dokta Saburi akawaomba washiriki: nani atusimulie kosa lake mwenyewe, tujifunze? Kila mtu akatazama kalamu yake. Mkono wa Nuriat uliinuka ukafika kifuani, pale ulipo ufunguo, ukashuka. Jioni akapewa cheti, akapigwa picha ufukweni na wenzake. Picha hiyo anayo. Kila mtu ametabasamu, na yeye pia.

Alhamisi akarudi kazini. Mlango wa kabati ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja. Hakuugusa, alikwenda moja kwa moja wodini. Agnetha alikuwa ameketi kitandani, mtoto yuko mapajani, ametolewa kwenye oksijeni asubuhi ile.

"Kasinge, waitu," alishukuru Agnetha alipoambiwa huyu ni nani, akaukamata mkono wake kwa mikono miwili. "Kumbe ndiwe Nuriat! Nilipokuwa nazama nilisikia jina lako tu. Nuriat, Nuriat. Nikasema, kuna mtu anaitwa aje anitoe. Nikalishikilia hilo jina."

"Mama..."

"Mtoto nimempa jina lako. Kwetu watashangaa, sisi si Waislamu, lakini nimeshasema." Akanyoosha mkono, akatoa kando ya mto kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa vizuri. "Na hawa ni wako. Kaka yangu amewaleta jana kutoka Ijumbi."

Walikuwa senene.

Nuriat alijua kwamba akipokea, imekwisha. Ripoti imeandikwa, Datius hatasema, na mtoto ameshapewa jina. Angekula senene wa mwanamke huyu na kuitwa mwokozi mpaka kustaafu. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akakirudisha kifurushi mapajani mwa Agnetha.

"Sikuwa naitwa nije kukutoa," alisema. "Nilikuwa naitwa kwa sababu ufunguo wa dawa yako nilikuwa nimeuvaa mimi, Bukoba. Mwenzangu aliniomba kabla sijaondoka, nikamnyima kwa kuwa sikumwamini. Akaniomba tena, nikakubali, halafu nikalala. Nilipoamka nikasema nitaupeleka baada ya chai. Wewe ulipokuwa unazama, mimi nilikuwa kwenye foleni ya senene."

Agnetha alikiweka kifurushi kando. Akamvuta mtoto kifuani, akamfunika na kanga ingawa hakukuwa na baridi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

"Senene," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mawe, mama yangu! Mtu unaweza kufia foleni ya senene." Hakucheka. "Atakuwa mzima huyu?"

"Sijui. Alichelewa kulia. Itabidi atazamwe miezi inavyokwenda. Kama atakaza shingo, kama ataketi, kama atageuka akiitwa."

"Basi tutamtazama wote, wewe na mimi."

"Jina mbadilishie, Agnetha. Nakuomba. Halifai."

"Jina sibadilishi," Agnetha alisema. "Nikiwa namwita, na wewe uwe unasikia."

Nuriat alitoka pale akaenda ofisini, akaomba ile ripoti, akaandika chini yake ukurasa mmoja kwa mkono wake: hakusahau. Alipewa barua ya onyo, na alistahili zaidi ya hiyo. Datius hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimkuta Nuriat anapigilia msumari ukutani kando ya kabati lililotengenezwa, kisha anautundika ufunguo na uzi wake mweusi.

"Hapo pako juu kwangu, dada," alisema Datius, ambaye ni mfupi. Nuriat akaung'oa msumari, akaupigilia chini kidogo.

Senene hali tena. Msimu ukifika ndugu zake wa Bukoba humshangaa, maana mzaliwa wa Bukoba asiyekula senene ni mgonjwa au ana jambo. Yeye husema tumbo halimtaki.

Kila mwezi, siku ya kliniki, Agnetha alikuja kutoka Ijumbi. Hakumchangamkia Nuriat, wala hakumkwepa. Alimpa mtoto amshike, akasubiri. Mtoto akiwa na miezi minne shingo ilikuwa bado inayumba, na usiku ule Nuriat hakula. Akiwa na miezi sita akaketi kwa kuegemezwa. Lakini kuitwa, hakugeuka. Nuriat alimpigia makofi, akamgongea vifuniko vya sufuria nyuma yake, na kadogo kakaendelea kutazama vidole vyake. Agnetha aliviona vifuniko, akaona na uso wa Nuriat, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka.

Mtoto alipofikisha miezi minane, siku moja Nuriat alikuwa amesimama kwenye mlango wa thieta, kofia bado iko kichwani, anasubiri mgonjwa aletwe. Upande wa pili wa ukumbi, akina mama wa kliniki walikuwa wamewaweka watoto kwenye mkeka. Agnetha alikuwa amekwenda kuchukua kadi dirishani, na kutoka huko huko akapaza sauti.

"Nuriat!"

Nuriat aligeuka haraka, kama anavyogeuka kila mara, mkono ukienda shingoni pasipo na kitu. Na pale kwenye mkeka, katikati ya watoto sita, kichwa kimoja kidogo kikageuka pia, kikatafuta sauti imetokea wapi.

Nuriat akaketi sakafuni palepale na nguo zake za thieta. Agnetha alimtazama, akamtazama mtoto, kadi ikiwa mkononi. Hakusema pole, hakusema yamekwisha. Aliita tena, taratibu zaidi, ili awaone wote wawili wakigeuka.