Mchoraji Ambaye Kazi Zake Hufutwa Jumatatu

Saa mbili asubuhi, Lorna Kivela anatembea juu ya anga akiwa na soksi tu miguuni.

Anga lenyewe limetandazwa sakafuni, katika karakana ya Ukumbi wa Tamarack, hapa mjini Duluth. Ni kitambaa cha pamba kipana kuliko nyumba yake, kimebanwa kwa pini pande zote. Brashi ameifunga kwenye mwanzi mrefu, hivyo anapaka akiwa wima, kama mtu anayefagia uwanja. Mara anapanda ngazi, anashika darubini kinyume ili kila kitu kionekane kiko mbali, anachungulia, anaguna, anashuka.

"Ukitazama kwa karibu utaona uchafu mtupu," anasema. "Mimi napaka kwa ajili ya yule aliyekaa kiti cha mwisho kabisa ukumbini."

Lakini anga la leo lina kasoro. Upande mmoja una mawingu ya jioni, rangi ya waridi imeiva vizuri. Upande wa pili ni mweupe, hauna kitu. Na pembeni, karibu na kipasha joto, ameketi mama yake, Irma, mwenye miaka sabini na tisa, kikombe cha kahawa mkononi.

Lorna ana miaka arobaini na tatu. Alihitimu sanaa za jukwaani katika chuo kikuu cha hapa mjini, na tangu wakati huo kazi yake ni kupaka mapazia yale makubwa ya nyuma ya waigizaji. Amepaka misitu, hoteli, kambi za jeshi, vituo vya treni. Miezi ukumbi unapofungwa hupaka nyumba za watu, na mara mbili alikaribia kuacha.

Katika michezo zaidi ya mia moja, halijabaki hata pazia moja. Kitambaa kizuri ni ghali. Mchezo ukiisha Jumapili, Jumatatu asubuhi kinapigwa rangi nyeupe, kazi mpya inaanza juu yake. Wote wa kazi hii hufanya hivyo, wala hakuna anayelia.

"Watu hudhani inaniuma," anasema Lorna. "Hainiumi. Iliniuma mara moja tu."

Mara hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Chuo kiliwaalika wahitimu wake wa sanaa, kila mmoja alete kazi moja kwenye maonyesho, ijulikane wamefika wapi. Lorna angenyamaza, bahati mbaya mama yake alishasikia.

Irma alipika katika kantini ya chuo hichohicho miaka thelathini, zamu ya jioni, ili binti yake asome. Mchezo hata mmoja hakuwahi kuuona. Pazia likifunguliwa, yeye yuko jikoni. Alipostaafu, magoti nayo yakagomea ngazi za ukumbi.

"Mtoto wa jirani yangu anauza bima, na ofisi yake nimeiona," anasema Irma. "Huyu wangu, watu wakiniuliza, niwaonyeshe nini? Soksi?"

Basi Lorna akaenda kwa mkuu wa ukumbi, akaomba kitu ambacho hajawahi kukiomba: pazia moja lisifutwe. Alitaka lile la anga la jioni, la mchezo wa kiangazi. Akakubaliwa. Akawaonya wenzake wote wasiliguse.

Mchezo ukaisha Jumapili. Jumatatu Lorna akawahi kazini, akawasha redio, akamimina rangi nyeupe, akaanza kupaka.

"Mikono ilijua ni Jumatatu," anasema. "Kichwa kilikuwa bado kimelala."

Dale Wojcik, seremala wa ukumbi, ndiye aliyemkuta.

"Nikamwambia, we Lorna, hilo si ndilo la mama yako?" anasimulia Dale. "Akasimama, anaitazama brashi kama si yake. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akitukana. Siku hiyo alitukana, tena kwa Kifini cha nyumbani kwao."

Nusu ilikuwa imekwenda. Rangi aliyochanganya kwa ajili ya mawingu yale ilishakwisha, na maonyesho yalikuwa kesho yake. Wakalipeleka vilevile, wakalitundika kati ya bango la filamu la mwenzake mmoja na gauni la jukwaani la mwingine. Mhadhiri mmoja alilisifu sana, hasa ule upande mweupe.

"Nikamshukuru," anasema Lorna. "Nikasogea kando."

Irma alikuja na gauni lake la kanisani. Alilisoma jina la binti yake pale chini, akalisoma tena. Akatazama mawingu kwa muda mrefu. Kisha akauliza nusu nyingine iko wapi.

"Nimeifuta, Mama," Lorna alimjibu mbele ya wenzake. "Nilisahau. Nisamehe."

"Nilipika supu humu chuoni miaka thelathini," Irma akamwambia. "Umewahi kuniuliza iko wapi?"

Lorna anasema alicheka na kulia kwa pamoja, na aibu ikamtoka.

Mkuu wa ukumbi alimwambia alikunje pazia, aende nalo nyumbani. Irma ndiye aliyekataa. "Na hao wa mchezo ujao wasimame mbele ya nini?" aliuliza.

Mchezo huo unaanza mwezi ujao, na unahitaji ziwa lililoganda. Ndiyo maana asubuhi hii Lorna amechovya brashi kwenye rangi nyeupe. Anafika ukingoni mwa wingu la kwanza, anasita. Anamtazama mama yake.

"Paka bwana," anasema Irma. "Mimi nimeshaliona."

Lorna anapaka. Waridi inapotea kidogo kidogo, na Irma anamaliza kahawa yake.

Mpango umeshapangwa. Siku ya ufunguzi, Dale atampitisha Irma mlango wa kuingizia mizigo, usio na ngazi, uleule alioingilia leo, hadi kiti cha mwisho kabisa. Lorna anatumaini ziwa litamtetemesha kidogo, kwa baridi yake. "Na asisinzie," anasema.

"Sisinzii," anajibu mama yake, akitafuta fimbo yake. "Ila mnipeleke siku hiyohiyo ya kwanza. Huyu simwamini na Jumatatu zake."