Siku Tuliyolala Mchana Kambini

Enzi zetu likizo kubwa ilikuwa na harufu yake: vumbi jekundu, moshi wa makala ya kupikia, na vazelini tuliyojipaka kwenye midomo iliyopasuka kwa baridi ya Julai. Ninyi mliokua nami mtaani Katuba mnajua. Vijana wa leo wakisikia kibaridi kidogo wanajifunika mpaka macho. Sisi tulioga maji ya kisima alfajiri, meno yakigongana, na bado tukaimba.

Parokia yetu ilikuwa na kambi kwenye shule moja njia ya Kipushi. Madarasa yaligeuka vyumba vya kulala, madawati yakapangwa nje. Watoto walikuja kwa zamu mbili zinazofuatana: kundi la kwanza likiondoka na lori, la pili linafika kesho yake jioni. Sisi wakubwa kidogo tulikuwa wamonita wao. Tuliwachezesha, tukawaogesha, tukawatafutia viatu vilivyopotea. Katikati ya zamu hizo kulikuwa na siku moja tu ya mapumziko, na mimi niliiota.

Lakini niulizeni, mapumziko ya nani? Wavulana walicheza mpira, kisha wakajinyoosha juani na redio yao. Sisi wasichana tulifua blanketi zilizokojolewa, tukasugua sufuria, tukasonga bukari, ugali wetu wa huku, na kuwapelekea palepale walipolala. Kila mwaka hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Hata mama, nilipomwomba ruhusa ya kwenda, alisema: "Unaenda kule kulala? Na kazi ya hapa, nani atafanya?" Mama yangu sikuwahi kumwona amelala mchana, hata akiwa na homa. Hilo liliniuma kuliko blanketi zote.

Mwaka ule Ngalula, rafiki yangu wa kutoka Kenya, si nchi bali mtaa jirani na Katuba yetu, msichana mwenye mdomo usio na breki, alitandika mkeka juani asubuhi iliyofuata baada ya lori kuondoka na watoto. "Leo ni repos, ni mapumziko," akasema. "Basi mimi niko repos." Akalala. Tukatazamana sisi wengine, halafu mmoja mmoja tukaenda kulala kando yake. Ndoo zikabaki kisimani.

Yaya Polydore, maana kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi, naye alikuja mbio. "Bale benye kukatala kazi, lori ya mangaribi itabarudisha kwabo! Nitaita bengine."

Kurudishwa ilikuwa aibu, mtaa mzima ungeuliza umefanya nini. Tena niliipenda kambi ile jamani, ndipo mahali pekee watu waliponiita kwa jina langu, si kwa "leta maji". Ngalula akainuka. Nikasema moyoni, kwisha, anaenda kuchukua ndoo. Kumbe alifuata begi lake! Akaliweka chini ya kichwa kama mto, akalala tena. "Tuko tayari, Yaya. Lori ikifika, mutuamushe."

Na sisi tukaleta mabegi yetu.

Mchana njaa ikashika watu. Wavulana wakasema bukari si kitu, wakamwaga unga wote kwa mara moja kwenye maji yanayochemka, bila kuanza na uji. Lo! Yalitoka mabonge, nje magumu, ndani unga mkavu. Waliyala wakikohoa. Na watoto wa zamu ya pili walikuwa njiani, wanakuja na njaa yao na vilio vyao.

Yaya Polydore alitazama sufuria, akatutazama sisi, akatazama barabara. Hatimaye akavua saa yake, akaitia mfukoni, akashika mwiko. "Unga inaingia wakati gani?" akauliza bila kutugeukia.

"Uji kwanza, Yaya," Ngalula akajibu, macho amefumba. "Halafu unga polepole. Na koroga na nguvu, si uko mwanaume?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jioni lori likashusha watoto, likarudi mjini bila sisi.

Leo kupumzika ni kushika simu mpaka vidole navyo viombe mapumziko. Kambi ingalipo, na binti yangu Odette ni monita. Juzi alinipigia, siku ya katikati ya zamu, akaniambia wavulana wako jikoni. Alilisema kama jambo la kawaida tu, hajui tulishinda na woga wa lori gani. Nilifurahi, na nilisikitika pia, maana mama ameondoka duniani bila kuonja hata mchana mmoja wa namna ile, na mkeka ule, jua lile, cheko lile la Ngalula, sitavipata tena.

"Lakini Mama," Odette akasema kwenye simu, "nasikia harufu ya bukari inaungua. Niende nibasaidie?"

Mimi nilikuwa nimejinyoosha uani, mchana kweupe, na nyumba nzima inajua hakuna kuniamsha.

"Odette, sasa uko wapi?"

"Niko nalala kwa mukeka."

"Basi lala, mwanangu. Iache iungue."