Hema la Kampuni ya Mvinyo

Mume wangu alipakia katoni za mvinyo katika stoo moja ya Sotik mpaka ini lake likakataa. Kila Jumamosi meneja aliwagawia wapakiaji chupa zilizochanika lebo, kwa kuwa madukani hazikubaliki na kumwaga ni hasara. Hiyo waliiita kuwajali wafanyakazi. Chupa tupu zilitupwa kwenye bonde nyuma ya stoo, mvua ikazisomba hadi mtoni. Halafu hao hao wa kampuni walikuja mtoni na miche na fulana nyeupe, wakapanda, wakapigwa picha, wakaenda. Miche ililiwa na ng'ombe wetu. Sijawahi kuwalaumu ng'ombe.

Kanisani kwetu mlevi hutengwa. Yeye alitengwa, akarudishwa akiwa kitandani katika hospitali ya Kapkatet, siku chache kabla hajafa. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: azikwe na kanisa, kama mtu wao.

Asubuhi ya mazishi nilitoka nje nikakuta hema la kampuni limesimama uani. Picha za zabibu upande huu, za chupa upande ule, na juu ya mahali pa jeneza maandishi makubwa: Kunywa kwa Kiasi.

"Shemeji, ni la bure," alisema mdogo wa marehemu, aliyelipokea. "Na unajua mvua ya huku saa nane haingoji mtu."

Pasta alifika, akasoma, akabaki nje.

"Mama, huyu tumemrudisha juzi tu. Sasa nimwombee chini ya chupa?"

Akina mama wa kanisa walivua leso zao wakazibana kwa pini juu ya zile picha. Pasta akaingia, shingo upande. Lakini kabla hajahubiri, shemeji alimpa meneja kipaza sauti, maana mwenye hema hanyimwi. Meneja alisema kampuni imepoteza mwanafamilia. Alisema wameleta miche ya kupanda kwa heshima yake. Alisema wao siku zote huhimiza watu wanywe kwa kiasi.

"Kiasi gani, bosi?" aliuliza shangazi wa marehemu kutoka nyuma. "Kile cha Jumamosi?"

Watu walikohoa ili wasicheke. Meneja aliendelea kana kwamba amepigiwa makofi.

Mvua ikaja. Leso zikalowa, zikagandamana na turubai, na chupa zikaonekana vizuri kuliko mwanzo. Pasta alifunga Biblia, akatoka akasimama mvuani.

Niliinuka. "Mtoeni mume wangu hapa," nilimwambia shemeji.

"Tumpeleke wapi na mvua hii?"

"Kituo cha majani."

Ni banda la mabati kando ya barabara, tunakopimia majani chai. Walimbeba, nikafuata nyuma. Wanawake waliokuwa wakingoja lori walisogeza magunia yao bila kuuliza, na jeneza likawekwa juu ya meza ya kuchambulia majani. Pasta aliingia bila kuitwa.

Meneja alibaki chini ya hema lake na viti vitupu, mpiga picha wake akitafuta cha kupiga.

Lori lilifika katikati ya wimbo. Dereva alizima injini, akavua kofia. Pasta alisubiri tumalize ubeti, kisha akaweka mkono juu ya jeneza na kusema, "Ndugu yetu." Sikuhitaji mahubiri mengine.