Walinisaga magego wakisema bite ndiyo inaniumiza taya

Wakuu, niaje. Mimi ni fundi wa sofa hapa Mbotela. Haya yamenipata mdomoni mwangu mwenyewe, kwa hiyo sina haja ya kuongeza chumvi.

Taya la upande wa kulia lilianza kutoa mlio wa kak kila nikipiga miayo. Halafu likaanza kuuma karibu na sikio. Asubuhi zingine mdomo ulikataa kufunguka, hata kijiko kinaingia kwa shida.

Nikaenda clinic moja, jina naliacha. Daktari akanipa karatasi ya rangi niume, akatazama, akasema bite, yaani meno ya juu na ya chini yanavyokutana, haijakaa sawa, ndiyo maana joint ya taya inateseka. Magego yasagwe kidogo yalingane.

Nikakubali haraka. Kwangu kiti kikiyumba napunguza mguu, so hiyo lugha iliniingia. Kumbe taya si kiti.

Akasaga. Maumivu yakabaki. Nikarudi, akasaga tena.

Sasa maji baridi yakigusa meno machozi yananitoka, na nikifunga mdomo sijui meno yakae wapi. Taya bado linalia.

Nikaenda hospitali ya serikali. Daktari wa huko, mama wa makamo, hakuanza na meno. Alinishika mashavu, akauliza, "Baba, kazini huwa unaweka nini mdomoni?"

Misumari. Sisi mafundi wa sofa huibana kwa meno kutwa nzima ili mikono ibaki huru.

Akanieleza kwamba kwa watu wengi bite siyo inayoleta shida hii. Wako wengi wenye meno yaliyopinda na mataya yao ni mazima. Yangu huenda ni misuli iliyochoka kwa kukazwa. Nikauliza magego yatarudi vipi.

"Kilichosagwa hakirudi, baba."

Misumari nimeacha, na taya limelegea kidogo. Lakini kutafuna siwezi, na nimekata tamaa kabisa.

Juzi mamangu alikuja kutoka Kitui, akapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Akaniona nasukuma sahani. Akachukua mwiko akanipondea, watoto wangu wakitazama. Nilikula nikiangalia chini.

Funzo ni hili: kabla mtu hajagusa jino lako zima, muulize kama anaweza kulirudisha. Mguu wa kiti nikikosea napachika mwingine.

Kama kuna aliyesagwa akaja kutafuna tena, aseme hapa. Mimi nimewapa ukweli wote, lakini ninyi hata mkinidanganya leo sitakasirika.